Kusanidi Swichi ya Cisco kwa Amri Bila Kujifungia Nje

Swichi ya mtumba huja na mambo ya ilikotoka. Ndani yake mna nenosiri la watu usiowajua, VLAN (mitandao midogo iliyotengwa ndani ya swichi) za ofisi isiyo yako, na pengine anwani ya IP ambayo hakuna tena anayeikumbuka. Kuichomeka moja kwa moja kwenye mtandao unaofanya kazi ni kosa la kwanza, na madhara yake ni makubwa kuliko watu wanavyodhani.

Tuchukue mfano wa Cisco Catalyst 2960-24TC-L, yenye poti 24 za megabiti 100 na poti 2 za gigabiti zinazokubali kebo ya shaba au faiba. Tunaiandaa kwa ofisi ya biashara ya samaki Kirumba, jijini Mwanza, yenye tawi Nansio, kisiwani Ukerewe. Kuandika amri zenyewe si kazi ngumu. Kinachowatesa mafundi ni kupoteza mlango: amri moja isiyo sahihi inakata njia uliyoingilia, na swichi iko ng'ambo ya maji.

Kebo ya konsoli

Mara ya kwanza huwezi kuingia kwa mtandao, kwa kuwa swichi iliyosafishwa haina anwani. Unahitaji kebo ya konsoli, ile bapa ya rangi ya bluu mpauko, yenye kichwa cha RJ-45 upande mmoja na DB-9 upande wa pili, pamoja na adapta ya USB kwenda siriali, maana laptopu za sasa hazina tundu la DB-9. Kwenye adapta usibane pesa. Zenye chipu ya FTDI hazisumbui. Zile zenye chipu ya kuigiza ya PL2303 hukataliwa na draiva mpya za Windows, na kwenye Device Manager utaona alama ya njano na ujumbe wa Code 10.

Kichwa cha RJ-45 kinaingia kwenye tundu lililoandikwa CONSOLE. Ukikichomeka kwenye poti ya kawaida ya mtandao hutaona kitu, kwa sababu matundu yanafanana kwa umbo tu.

Fungua PuTTY, chagua Serial, andika namba ya COM uliyoiona kwenye Device Manager, kisha weka kasi 9600, biti za data 8, pariti None, biti ya kumalizia 1, na Flow control None. Hiyo ya mwisho ibadilishe kwa mkono, kwa kuwa PuTTY huianzisha ikiwa XON/XOFF. Kwenye Linux inatosha:

```
sudo screen /dev/ttyUSB0 9600
```

Bonyeza Enter mara mbili. Skrini ikijaa herufi zisizosomeka, kasi si sahihi: aliyekuwa nayo aliibadilisha, jaribu 115200. Ukiona maandishi ya swichi lakini unachoandika hakionekani, rudi kwenye Flow control. Skrini ikibaki tupu kabisa, zima swichi na kuiwasha huku dirisha likiwa wazi. Ujumbe wa kuwaka usipotokea, namba ya COM si yenyewe au kebo ni mbovu.

Safisha kabla ya kujenga

Kama unalijua nenosiri, kazi ni fupi:

```
enable
write erase
delete flash:vlan.dat
reload
```

Ikiuliza kama uhifadhi mabadiliko kabla ya kuzima, jibu no.

Kama hulijui, chomoa umeme. Shikilia kitufe cha Mode kilicho mbele ya swichi, rudisha umeme bila kukiachia. Taa ya SYST itamweka kwa kijani. Endelea kushikilia mpaka igeuke rangi ya chungwa kwa muda mfupi, kisha itulie kwenye kijani. Hapo achia. Kidokezo kitakuwa `switch:` na utaandika:

```
flash_init
dir flash:
delete flash:config.text
delete flash:vlan.dat
boot
```

Baada ya `dir flash:` soma orodha kwa utulivu. Faili yenye mwisho wa .bin, au folda yenye jina linaloanza na c2960, ndiyo mfumo wenyewe wa swichi. Ukiifuta hiyo, utalazimika kuurudisha mfumo mzima kupitia konsoli kwa kasi ya 9600, kazi ya kukesha. Swichi nyingine itakujibu kwamba njia ya kurejesha nenosiri imefungwa na kukuuliza kama irudishwe kama ilivyotoka kiwandani: jibu y, maana hilo ndilo ulilolitaka.

Kwa nini vlan.dat ifutwe kando? Kwa sababu VLAN hazikai kwenye faili moja na mipangilio mingine, hivyo `write erase` peke yake inaziacha zilivyo. Na humo ndimo inamokaa namba ya marudio ya VTP, itifaki inayosambaza orodha ya VLAN kati ya swichi. Swichi hizi hutoka kiwandani zikiwa na VTP katika hali ya server. Swichi ya mtumba yenye jina la domeni lilelile na namba ya marudio kubwa kuliko zako, ukiiunganisha kwa tranki (kiungo kinachobeba VLAN nyingi kwa pamoja), inazifundisha swichi zako orodha yake ya VLAN na kuifuta yenu. Poti zote zilizokuwa kwenye VLAN zilizofutwa zinakufa papo hapo, na fundi anabaki kulaumu kebo.

Ikiwaka upya itauliza kama unataka mazungumzo ya usanidi wa mwanzo. Jibu no.

Jina, nenosiri na SSH

Alama ya mwisho wa mstari inakuambia uko wapi: `>` ni mgeni anayetazama tu, `#` ni mwenye mamlaka, `(config)#` ni mahali pa kubadilisha mambo. Ukisahau neno, andika alama ya kuuliza na swichi itaorodhesha yanayofuata. Tab inamalizia neno.

```
enable
configure terminal
hostname KIRUMBA-SW1
no ip domain-lookup
vtp mode transparent
service password-encryption
clock timezone EAT 3
enable secret NenoRefu-Moja
username fundi privilege 15 secret NenoRefu-Mbili
line console 0
 login local
 logging synchronous
 exec-timeout 10 0
 exit
```

`no ip domain-lookup` inakuokolea muda mwingi. Bila hiyo, ukikosea herufi moja ukiwa kwenye `#`, swichi inadhani umeandika jina la kompyuta na kuanza kulitafuta, nawe unakaa ukisubiri. Ikikukuta, Ctrl+Shift+6 inaikatisha.

Kuhusu nenosiri, jihadhari na mambo mawili. Ukibandika kutoka kwenye faili, nafasi tupu iliyobaki mwishoni inaweza kuhesabiwa kama sehemu ya nenosiri. Na alama ya kuuliza haiingii kirahisi, kwa kuwa swichi inaielewa kama ombi la msaada. Tumia herufi, namba na kistari.

Sasa mlango wa SSH, njia ya kuingia kwenye swichi kwa mtandao huku mawasiliano yakiwa yamesimbwa:

```
ip domain-name ofisi.local
crypto key generate rsa modulus 2048
ip ssh version 2
line vty 0 15
 transport input ssh
 login local
 exec-timeout 10 0
 exit
```

Ufunguo wa RSA hautatengenezwa kama hujabadilisha jina la swichi na kuweka domeni, ndiyo maana vimetangulia. Swichi ya zamani huchukua muda kuutengeneza, isubiri. Amri ya `crypto` ikikataliwa kabisa, andika `show version` na utazame jina la faili ya mfumo: lisipokuwa na k9, toleo hilo halina SSH, na tiba ni kubadilisha mfumo. Usikimbilie Telnet, ambayo hupitisha nenosiri wazi kwa yeyote anayesikiliza kwenye mtandao.

Laptopu mpya nazo hukataa njia za zamani za usimbaji. OpenSSH tangu toleo la 8.8 haikubali ssh-rsa bila kuambiwa. Ukiona ujumbe wa "no matching", wenyewe unataja swichi inatoa nini, nawe unairuhusu kwa safari hiyo tu:

```
ssh -oKexAlgorithms=+diffie-hellman-group14-sha1 -oHostKeyAlgorithms=+ssh-rsa fundi@192.168.99.2
```

VLAN na poti

Ofisi ya mfano wetu ina makundi manne: kompyuta za ofisi, kamera, Wi-Fi ya wageni, na usimamizi wa vifaa. Kamera zisikae pamoja na kompyuta za hesabu. Nyingi hazipati masahihisho ya usalama tena na nenosiri lake ni lile la kiwandani.

```
vlan 10
 name OFISI
vlan 20
 name KAMERA
vlan 30
 name WAGENI
vlan 99
 name USIMAMIZI
 exit
interface vlan 99
 ip address 192.168.99.2 255.255.255.0
 no shutdown
 exit
ip default-gateway 192.168.99.1
```

`show ip interface brief` ikionyesha Vlan99 iko down, usibadilishe anwani kwa hasira. VLAN hiyo inaamka pale tu angalau poti moja iliyo hai inapoibeba. Ndiyo sababu tunaitengea poti ya 24, ya kuchomeka laptopu ya fundi.

```
interface range fa0/1 - 14
 switchport mode access
 switchport access vlan 10
interface range fa0/15 - 20
 switchport mode access
 switchport access vlan 20
interface range fa0/21 - 23
 switchport mode access
 switchport access vlan 30
interface fa0/24
 switchport mode access
 switchport access vlan 99
interface range fa0/1 - 24
 spanning-tree portfast
 spanning-tree bpduguard enable
 exit
```

Portfast ina kazi yake. Bila hiyo, poti inayowashwa hukaa sekunde 30 ikikagua kama kuna mzunguko (njia inayoifanya data izunguke bila mwisho) kabla ya kupitisha data: 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza. Kompyuta nyingi huomba anwani na kukata tamaa ndani ya muda huo, zikabaki na anwani inayoanza na 169.254. Mtumiaji anasema mtandao haupo, anachomoa na kuchomeka tena, na hesabu inaanza upya.

Bpduguard inalinda upande wa pili. Mtu akileta swichi nyingine na kuichomeka ukutani, poti inajifunga kwa hali ya err-disabled kabla mzunguko haujaiangusha ofisi nzima. Ondoa kwanza kilichosababisha, kisha ingia kwenye poti hiyo na uandike `shutdown`, halafu `no shutdown`. Kuifungua bila kuondoa chanzo ni kuirudisha kifungoni baada ya sekunde chache.

Kamera zinazopata umeme kupitia kebo ya mtandao hazitawaka kwenye 24TC, kwani haina PoE. Ama utumie injekta, ama utafute modeli yenye PoE.

Tranki ya kwenda kwenye ruta

```
interface gi0/1
 description RUTA
 switchport mode trunk
 switchport trunk allowed vlan 10,20,30,99
 exit
```

Kwenye 3560 na 3750 amri ya `switchport mode trunk` itakataliwa mpaka utangulize `switchport trunk encapsulation dot1q`. Kwenye 2960 amri hiyo haipo, kwa sababu inajua dot1q (njia ya kuipa data lebo ya VLAN yake) tu.

Upande wa ruta, kama ni MikroTik, kila VLAN inatengenezewa kiolesura chake na anwani yake:

```
/interface vlan add name=v10 vlan-id=10 interface=ether2
/ip address add address=192.168.10.1/24 interface=v10
```

Rudia kwa 20, 30 na 99. Kisha, kwenye swichi, `show interfaces trunk`. Usisome mstari wa kwanza na kuondoka. Mstari wa mwisho kabisa ndio unaotaja VLAN zinazopita kweli. VLAN iliyoruhusiwa lakini haijaumbwa kwenye swichi hutaiona pale.

Sasa hifadhi:

```
end
copy running-config startup-config
```

Kila ulichofanya mpaka hapa kilikuwa kwenye RAM, maandishi ya mchangani kando ya ziwa: umeme ukikatika hata kwa sekunde moja, yanafutika. Wengi husanidi asubuhi, wanaona kila kitu kinaenda, wanaondoka, na jioni umeme ukiyumba swichi inaamka na sura ya kale.

Ukiwa Kirumba na swichi iko Nansio

Hapa ndipo penye hasara ya kweli. Swichi ya tawini unaifikia kwa SSH kupitia VLAN 99, na VLAN 99 inapita kwenye tranki. Unataka kuongeza VLAN 40 ya mizani ya samaki. Unaandika:

```
interface gi0/1
 switchport trunk allowed vlan 40
```

SSH inaganda. Amri hiyo haikuongeza 40. Imesema *40 peke yake*. VLAN 10, 20, 30 na 99 zimeondolewa kwenye tranki, wewe ukiwa ndani ya 99. Dirisha halitarudi, tawi zima halina mtandao, na wa kukusaidia ni meli ya kwenda Ukerewe. Amri sahihi inatofautiana kwa neno moja:

```
 switchport trunk allowed vlan add 40
```

Neno hilo moja hulisahau fundi mzoefu kama anavyolisahau mwanafunzi, kwa hiyo usitegemee kumbukumbu. Jiwekee kamba kabla ya kuzama. Kwanza hifadhi hali nzuri iliyopo, kisha iambie swichi ijizime na kujiwasha baada ya dakika 10:

```
copy running-config startup-config
reload in 10
```

Thibitisha kwa Enter. Ndipo ufanye mabadiliko yako, *bila kuhifadhi*. Ukijikata, kaa utulie: dakika 10 zikiisha swichi itajiwasha upya na kusoma mipangilio ya zamani iliyokuwa nzima, kisha itakufungulia mlango baada ya dakika chache za kuamka. Mabadiliko yakienda sawa, fungua dirisha la pili la SSH kuthibitisha kwamba mtu mpya anaweza kuingia, kisha:

```
reload cancel
copy running-config startup-config
```

Mpangilio huo usigeuzwe. Ukihifadhi kabla ya kujaribu, umeiharibu kamba yenyewe, maana swichi itaamka na lile kosa. Na ukisahau `reload cancel`, itajizima katikati ya kazi za watu. Fanya hivi pia kabla ya kugusa anwani ya VLAN 99, `ip default-gateway`, mistari ya vty (milango ya kuingilia kwa mtandao), au poti yoyote iliyo njiani kati yako na swichi.

Poti iko juu lakini mtandao ni mzito

Anza na `show interfaces status`. Notconnect ni kebo au kifaa kilichozimwa, err-disabled tumeshaieleza, a-half kwenye safu ya Duplex ni dalili ya ugomvi. Full ni kutuma na kupokea kwa wakati mmoja, half ni kwa zamu. Upande mmoja ukilazimishwa full na mwingine ukaachwa auto, ule wa auto unaangukia half. Mtandao unafanya kazi kwa barua pepe lakini faili kubwa zinakwama. Angalia `show interfaces fa0/5`: hesabu za CRC (data iliyofika ikiwa imeharibika) upande wa full na late collision (migongano iliyochelewa) upande wa half zikiwa zinapanda, acha pande zote mbili kwenye auto. CRC zikipanda wakati duplex ni sawa, kata vichwa vya kebo uvifunge upya, au pima urefu: shaba mwisho wake ni mita 100.

Kifaa usichojua kimechomekwa wapi, kitafute kwa `show mac address-table`.

Radi na miamba

Ukanda wa Ziwa Victoria hupigwa na radi kuliko sehemu nyingi za dunia, na Mwanza imejengwa juu ya miamba, ambako kuzamisha fimbo ya eathi mpaka ifike kwenye udongo wenye unyevu ni kazi ngumu. Eathi dhaifu inamaanisha radi inatafuta njia nyingine ya kwenda ardhini, na kebo ya shaba iliyovutwa kutoka jengo hadi jengo kwenye kilima inafaa kabisa kwa hilo. Kwa hiyo kati ya majengo tumia faiba kwenye Gi0/2 yenye SFP (moduli ya kuchomekea faiba), hata kama umbali ni mita 40 tu. Kwa kamera iliyo juu ya mlingoti hakuna ubishi: weka kizuia radi chenye waya wa eathi uliopimwa.

Swichi na ruta zikae kwenye UPS, na UPS nyuma ya stebilaiza. Kabati liwe limefungwa, na taa ya nje isiwe karibu nalo: makundi ya wadudu wa ziwani hufuata mwanga usiku, na mizoga yao huziba matundu ya hewa.

Nakala ya akiba

Swichi ikiungua, kinachokurudisha kazini haraka ni faili ya maandishi. Kwenye PuTTY washa kumbukumbu ya dirisha kupitia Session, Logging, kisha:

```
terminal length 0
show running-config
show vlan brief
```

Hifadhi faili hiyo kwa jina la swichi na tarehe, nje ya ofisi. Siku ya kuirudisha kwenye swichi nyingine kwa konsoli, bandika mistari 20 au 30 kwa mkupuo, usubiri, ndipo uendelee. Kwa kasi ya 9600, ukimwaga faili zima swichi hupoteza herufi katikati ya amri bila kukuambia. Ukimaliza kubandika, rudia `crypto key generate rsa modulus 2048`, kwa sababu funguo za SSH hazimo kwenye faili hiyo, na bila hizo swichi mpya itakuwa na kila kitu isipokuwa mlango.